Jina Lililokuwa Kawangware

Ipo dawa ya tumbo la watoto wachanga, ya maji, tamu, yenye harufu ya bizari, inayouzwa katika chupa ndogo kwenye maduka ya dawa. Majuzi binti ya jirani alinipa chupa kama hiyo nimfungulie, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imembeba mtoto. Kifuniko kilipoachia tu, harufu ikanipata. Nilimrudishia chupa, nikarudi nyumbani kwangu, nikaketi. Harufu ile haikuwa imenijia karibu hivyo tangu nilipokuwa msichana mdogo Sarang'ombe, Kibera, katika chumba chetu kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na upande wa pili wa pazia ndugu yangu analia.

Watoto wengi walizaliwa katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga na wote walilia, kwa hiyo nilijua kulia kwa kawaida kulivyo. Kwake hakukuwa kwa kawaida. Alishika titi kwa njaa, akavuta kidogo, kisha akaachia na kupiga ukelele kama aliyechomwa. Mama alimpa dawa ile ya bizari kwa kijiko. Alimkanda tumbo kwa mafuta, akambeba mgongoni, akambeba kifuani, akatembea naye kutoka mlangoni hadi kitandani, hatua chache tu, kwenda na kurudi, mpaka sakafu ya udongo ikang'aa. Mwanzoni majirani walikuja na ushauri, kila mmoja na mzizi wake au sala yake. Baadaye waliacha kuja, wakawa wanaongeza sauti za redio. Nilielewa kwamba watu wakiacha kukupa ushauri wamekwisha kuamua jambo fulani kukuhusu.

Dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa ametoka nyumbani kando ya ziwa ili kumsaidia mama baada ya kujifungua. Yeye hakuamini habari ya tumbo. Kwetu, Wajaluo, mtoto hazaliwi peke yake. Mtu wa ukoo aliyekufa anaweza kumchagua, na mtoto atalia mpaka wazazi wamtambue mtu huyo na kumpa mtoto jina lake. Likitajwa jina lenyewe, mtoto hunyamaza. Basi kila jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, Dani alimchukua mtoto, akasimama naye mlangoni akitazama nje, na kuwaita wafu mmoja mmoja.

"Kama ni wewe, Ogutu, baba wa mume wangu, nyamaza unyonye. Tumekusikia."

Akangoja. Mtoto akalia.

"Kama ni wewe, Abonyo, mke mwenzangu, nyamaza unyonye. Tumekusikia."

Kutoka ndani mama alisema, "Mama, mtoto huyu ana jina. Ni Emmanuel. Amebatizwa."

"Hilo ni jina la kuitwa," Dani alimjibu bila kugeuka. "Mimi natafuta la kunyamaza."

Nilikaa juu ya mtungi uliofunikwa, nikihesabu wafu wetu pamoja naye. Kwa siku kadhaa nilikuwa na matumaini, kwa sababu ukoo wetu ulionekana kuwa na marehemu wengi. Halafu nikaanza kuona kwamba Dani anatafuta mbali zaidi, kwa mashemeji, kwa watoto waliokufa kabla ya kutambaa, kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimsikia tu akisimuliwa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba wafu wanaweza kwisha.

Walikwisha siku ya Ijumaa. Mama, ambaye kwa uchovu alikuwa ameacha kubishana, aliuliza, "Bado nani?"

Dani alimhamishia mtoto begani. Kisha akasema, kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini kabisa, "Limebaki moja. Hilo silitoi mimi. Hilo liko Kawangware."

Mama akaweka kiganja mdomoni. Alitazama koti la baba lililoning'inia msumarini, kana kwamba koti lingeweza kusikia. "Usiseme hivyo, mama," alinong'ona. Hawakuongeza neno.

Hayo ndiyo niliyosikia, na kutokana na hayo nilijenga hesabu yangu yote. Jina lililohitajika lilikuwapo. Halikuwa kwetu. Lilikuwa Kawangware, na Kawangware tulikuwa na mtu mmoja tu: waya wangu, dada yake baba, mshonaji wa nguo, ambaye baba hakusemezana naye. Niliwahi kupelekwa kwake na mama mara moja, kwa siri. Nilikumbuka kwamba kibanda chake kiliegemea kinu cha kusaga unga kilichopakwa rangi ya samawati. Majirani zetu waliazimana sufuria, jiko, hata viatu vya kwendea kanisani, na mara nyingine walikosana na kitu kikabaki kwa aliyeazima. Niliona wazi kwamba ndivyo ilivyokuwa na jina. Lilibaki kwa waya walipokosana, na sasa ndugu yangu atakufa kwa sababu hakuna mkubwa anayetaka kwenda kuliomba.

Asubuhi ya Jumamosi niliwaeleza rafiki zangu kwenye foleni ya maji. Zaitun alikuwa Mnubi, aliyemwita nyanya yake habuba, mjukuu wa mwenye nyumba mmoja wa Makina, msichana mwembamba asiyependa kusema jambo mara mbili. Wafula alikuwa mtoto wa fundi wa redio, na kila mara alikuwa na kitu kilichoharibika mfukoni.

"Jina haliwezi kukaa mahali bure tu," Wafula alisema. "Huyo auntie yako amelifungia."

"Kwa nini alifungie?"

"Si wamekosana? Mimi ningefungia."

Zaitun alikuwa akisukuma mtungi wake kwa mguu. "Na mtoto asipolipata?"

Nilisogeza mtungi wangu mbele kwenye foleni.

"Wa kwetu alilia hivyo hivyo," alisema. "Yule wa kabla ya ndugu yangu Jamal. Akalia, akalia, siku moja akanyamaza. Habuba yangu akasema, alhamdulillahi, amelala. Kumbe."

Hakumaliza, na haikuwa lazima amalize. Mpaka wakati huo nilikuwa nikiogopa kilio. Kuanzia hapo niliogopa pia kwamba kitakoma.

Tuliondoka mama alipopitiwa na usingizi akiwa ameketi, mtoto akiwa kwa Dani, na baba akiwa kazini. Wafula alileta sumaku aliyoing'oa katika spika mbovu ya baba yake. Alikuwa na hoja. "Sumaku inavuta kitu imetoka kwa mchanga," alisema. "Ukiiburuta chini si unaona vile inashika? Na wafu wako wapi? Si kwa mchanga?" Zaitun alileta kipande cha ubani ndani ya karatasi, pamoja na kiberiti, ili kusafisha njia kama tungekutana na jini. "Lakini habuba akijua ubani umeguswa," alituonya, "mimi ndiye mtatafutia jina." Mimi nilileta mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, wenye kifuniko cha kubana, niliokuwa nimeusugua kwa majivu mpaka harufu ikatoka. Jina lingehitaji kubebwa ndani ya kitu.

Sheria tulizitunga tukitembea, kila mmoja akitoa za kwao. Tukishavuka reli hakuna kugeuka nyuma. Hiyo ilitoka kwa nyanya wa Wafula. Hakuna kumwambia mtu yeyote tunachofuata. Hiyo niliitunga mimi, kwa kuogopa baba. Hakuna kuvuka maji bila kusema bismillahi.

"Mimi ni mtu wa kanisa," Wafula alisema.

"Basi sema pole pole," Zaitun akamwambia. "Maji hayaulizi kanisa."

Na wakati wa kurudi, tukiwa na jina, hakuna kusema chochote kabisa, kwa sababu jina lenye kusikia maneno mengine linaweza kuchanganyikiwa.

Tulivuka reli. Ningetaka kusema kwamba tulikwenda kwa ushujaa, lakini shingo yangu ilikuwa ngumu kama ubao kwa hofu ya kugeuka kwa bahati mbaya. Katika Soko la Toi wauzaji walikuwa wakifungua mabunda ya mitumba, na ule unga mkali wa nguo za ng'ambo ukatupalia. Wafula alipiga chafya na kichwa chake kikaenda upande. Tukasimama kujadili kama alikuwa amegeuka. Zaitun aliamua kwamba chafya si ya mtu, ni ya pua. Ngong Road tuliivuka tumeshikana mikono, mkebe ukiwa kifuani mwangu.

Ng'ambo ya barabara ulikuwa ulimwengu wa watu wengine. Njia ilipakana na nyua za miiba zilizokatwa sawasawa, na nyuma yake kulikuwa na nyumba ambazo hatukuziona. Kimya cha huko kilinitisha. Kwetu kimya hakikuwapo. Kila ukuta ulikuwa na mtu. Hapa mtu angeweza kulia ndani na asisikike.

Kwenye lango moja askari wa geti alitusimamisha. "Nyinyi watatu. Mnapeleka wapi huo mkebe?"

Sheria ilikataza kusema. Zaitun akasema, "Tunampelekea shangazi mafuta."

Askari aliuchukua mkebe, akautikisa karibu na sikio. "Mbona hauna kitu?"

"Ndio tunaenda kuitisha," Wafula alisema.

Yule mtu alicheka mpaka akaegemea lango. "Mnatembea huku kote kuomba mafuta. Kibera mafuta yameisha?" Akanirudishia mkebe. "Piteni upande ule mwingine wa barabara. Huyu mbwa wangu hajui utani."

Mbwa alikuwa ameweka pua chini ya lango. Tulimpita tukiwa tumeacha kupumua.

Mbele kidogo, nyuma ya ua fulani, mtoto mchanga alilia. Nilisimama. Najua sasa kwamba sauti haiwezi kusafiri umbali ule wote, lakini wakati ule sikuwa na shaka kwamba ni yeye. Kilio kilikuwa kimenifuata kuniambia nimechelewa. Kilio kikakatika ghafla, na mwili wangu ukaanza kugeuka wenyewe kuelekea nyumbani. Zaitun alinishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika mtungi uliojaa, akakielekeza mbele.

"Si yeye," alisema. "Wako analia akipanda. Huyu analia akishuka."

"Amenyamaza."

"Amepewa nyonyo. Twende."

Dagoretti Corner tulikunja kulia, tukateremka na kupanda, tukasema bismillahi juu ya kijito cheusi, hata Wafula, midomo yake tu ikicheza. Nyumba zikaanza kusogeleana tena, moshi wa mkaa ukarudi, na watu wakaanza tena kupiga kelele kama watu. Kinu cha samawati kilikuwa pale pale nilipokiacha katika kumbukumbu, kikinguruma, na vumbi lake la unga lilikuwa limeufanya mlango wa waya wangu uwe mweupe.

Waya alikuwa ameinamia cherehani yake, mwanamke mrefu mwenye utepe wa kupimia shingoni. Aliinua macho, akaniangalia paji la uso.

"Huyu ni wa Ochieng'," alisema. Ochieng' ni baba yangu.

"Ndiyo, Waya."

"Nani amekuleta?"

"Tumejileta."

Nilikuwa nimepanga maneno ya heshima njia nzima. Hayakuja. Nikasema, "Tumekuja kuchukua jina. Mtoto analia hanyonyi, na Dani ameita wote wamekwisha, na limebaki moja, na amesema liko kwako."

Miguu ya waya iliacha kukanyaga, lakini gurudumu la cherehani liliendelea kuzunguka kidogo, sindano ikipanda na kushuka mahali pamoja. Wakati huo huo Wafula, ambaye alikuwa amejongea mezani bila kuonekana, alinyoosha sumaku yake juu ya sahani ya pini. Pini zikaruka. Zilitoa mlio mdogo kama wa mvua ya kwanza kwenye bati, na zote zikasimama juu ya sumaku, vichwa nje.

"Limeshika," alininong'oneza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Atis," aliniita, "leta mkebe."

Nilifungua mkebe. Waya alitutazama, mtoto mwenye sumaku na mtoto mwenye mkebe, na mwenzetu wa tatu aliyekuwa amekwisha kutoa kiberiti. Hakucheka.

"Mama yangu alisema hivyo kwa mdomo wake?" aliniuliza. "Alisema nini hasa? Neno kwa neno."

"Alisema, limebaki moja, hilo silitoi mimi, hilo liko Kawangware."

"Hakulitaja."

"Hakulitaja."

Waya aliinamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa ukilainisha kitambaa kilichokuwa tayari laini. "Basi na yeye bado hajakubali," alisema, na hakuwa akituambia sisi.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. "Mtoto analia vipi?"

Nilimweleza kama nilivyoona. Kwamba njaa anayo, ila akivuta ndipo anapopiga ukelele. Kwamba akilazwa upande wa kushoto ni vibaya zaidi. Kwamba husugua kichwa kwenye bega la mama, upande mmoja tu, mpaka nywele zimetoka hapo. Nikasita, halafu nikasema na lile ambalo sikuwa nimemwambia yeyote, kwa sababu niliamini hapo ndipo yule mfu alikuwa akiingilia: kofia yake ilinuka karibu na sikio, kama maziwa ya jana.

"Inanuka," waya alirudia.

Alisimama. Alizitoa pini kwenye sumaku moja moja, akazirudisha katika sahani, akafunika cherehani kwa kitambaa, akamwambia mwanamke wa kinu amtazamie mlango.

"Na jina?" Wafula akauliza.

"Ninalo."

"Liko wapi?"

"Wewe beba hiyo sumaku yako," waya akamwambia. "Twende."

Tulirudi bila kusema, kama sheria ilivyotaka, na waya, ambaye hakuijua sheria, hakusema pia. Alitembea haraka hata tukawa tunakimbia nusu. Alikuwa na mkoba mweusi chini ya kwapa. Wafula alinionyesha kwa kidole, nami nikaitikia kwa kichwa. Nikauangalia mkoba ule mpaka Kibera, nikiogopa kila mtu aliyeukaribia.

Kilio tulikisikia kabla ya kufika kwenye lango la ploti, nami nikashukuru. Lakini kilikuwa kimepungua. Kilikuwa cha kukwaruza, cha sauti inayokwisha. Wanawake waliokuwa wakifua walimwona waya, mikono yao ikasimama ndani ya maji. Dani alikuwa mlangoni na mtoto. Mama alikuwa nyuma yake, macho mekundu, akianza kuniuliza nilikuwa wapi na kuacha katikati.

"Umekuja," Dani alisema.

"Nimekuja."

Hawakupeana mikono. Waya aliinama, akanusa kofia ya mtoto, akaitoa, akageuza kile kichwa kidogo kuelekea mwanga. "Mtoto huyu anaumwa sikio," alisema. "Limeoza ndani. Anapelekwa zahanati sasa hivi, mama, si kesho."

Mama tayari alikuwa anatafuta leso. Lakini Dani hakumwachilia mtoto. Alimshika zaidi.

"Kwanza hilo lingine," alisema. "Umetoka nalo kule. Lisemwe, nijue."

"Sema wewe," waya akajibu. "Ulimzaa wewe."

Sikuelewa. Niliangalia mkoba. Ulikuwa bado umefungwa.

Dani aligeuka kutazama nje, kama kila jioni, ingawa jua lilikuwa bado la mchana. Alianza, akaacha, akaanza tena. "Kama ni wewe, Obonyo," alisema, "mwanangu." Waya alikuwa ameshika mwimo wa mlango, macho amefumba. "Kama ni wewe, nyamaza unyonye. Tumekusikia."

Mtoto alinyamaza.

Alikuwa anavuta pumzi. Watoto waliolia sana huvuta pumzi ndefu yenye kutetemeka, na ndani yake hakuna sauti. Nilijua hilo, kila mtu pale alilijua, na bado sote tulisimama tukingoja, na ninaamini hata wale wafuaji walingoja. Niliuona uso wa Dani katika kipindi kile. Sijawahi kuona tena uso wa mtu unaoomba jambo na kuomba lisiwe, kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimekwisha kufungua mkebe.

Halafu akalia. Alilia kwa nguvu zote zilizobaki, akipinda mgongo, ngumi zimekunjwa.

Niliona dunia imekwisha. Tulikwenda, tukashika sheria zote, tukalileta jina la mwisho, na halikuwa lenyewe. Zaitun aliketi chini akaanza kutokwa na machozi kimya. Wafula aliigeuza sumaku, akaitazama upande wa nyuma.

Dani alikuwa anacheka. Meno yake machache yalionekana yote. "Amekataa," alisema. "Adongo, umesikia? Amekataa." Na waya, ambaye ndiye Adongo, aliteleza polepole kwenye mwimo mpaka akaketi kizingitini, akajifunika uso kwa mikono, mabega yakitikisika. "Amekataa, mama," alisema. "Nimesikia." Mtoto alipiga kelele katikati yao, na wao wakamshangilia. Mama aliwatazama kama watu waliorukwa na akili, akamnyakua mwanawe kutoka mikononi mwa Dani, na kutoka mbio. Waya aliinuka akamfuata.

Katika zahanati iliyokuwa upande wa juu wa reli muuguzi aliliangalia sikio, akalisafisha, akatoa dawa ya kunywa na ya matone, akasema usaha ukishapata njia maumivu hupungua. Jioni ile ndugu yangu alinyonya bila kuachia, akalala kinywa wazi. Kila mtu akafurahi. Mimi nilikaa kando yake na kiganja changu chini ya pua yake, nikingoja kila pumzi, kwa sababu ya yule mtoto wa kabla ya Jamal. Mama alinikuta hapo, akadhani ni mapenzi, akaniacha. Baba alirudi kutoka kazini akamkuta dada yake ameketi kwenye stuli yake. Alivua viatu mlangoni, kisha akamuuliza, "Umekula?"

Mambo mengine niliyapata baadaye, kipande kwa kipande, kutoka kwa mama. Obonyo alikuwa mdogo wao wa mwisho. Aliishi na waya Kawangware, na asubuhi moja, nikiwa bado mdogo sana, aliondoka kwenda kutafuta kibarua na hakurudi. Waya alimtafuta katika vituo vya polisi, katika hospitali, na katika vile vyumba baridi ambako watu huinua shuka. Hakumpata popote. Kwetu, mtu aliyepotea hivyo asipopatikana, huzikwa tunda la yago mahali pake, tunda refu, zito, linalokaribia uzito wa mkono wa mtu, ili roho yake itulie. Baba alitaka lizikwe. Waya alisema hatazika tunda wakati ndugu yake huenda yuko mahali fulani na njaa. Hapo ndipo walipoachana. Na Dani, aliyeulizwa na wote wawili, hakujibu. Jina la Obonyo halikuwa limefungiwa na mtu. Lilikuwa mdomoni mwa Dani siku zote zile, karibu kabisa na mtoto. Kulitaja katika orodha ya wafu kungekuwa kumwuliza mtoto kama Obonyo amekufa, na mtoto angejibu.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na napenda mambo yakae kwa mpangilio. Kwa mpangilio, jibu la ndugu yangu halikuthibitisha chochote. Dani aliwaita wafu wengi na mtoto hakunyamaza kwa hata mmoja, na hakuna aliyesema kwamba kwa hiyo wote wako hai. Alilia kwa sababu ya sikio. Nilimwambia waya hivyo nikiwa mtu mzima. Alikuwa anakata kitambaa. "Najua," alisema. "Mimi ndiye nilisema ni sikio." Akaendelea kukata. Lakini tunda la yago halikuzikwa. Baba hakulitaja tena, na walipogawa mashamba nyumbani, kipande cha Obonyo kilipimwa na kuachwa na nyasi zake.

Obonyo hakurudi. Dani alizeeka akafa, na tulimzika nyumbani kando ya ziwa. Desturi ni kwamba historia ya marehemu husomwa mbele ya watu, aliozaliwa nao na aliowazaa, walio hai na waliotangulia. Kazi ya kusoma alipewa ndugu yangu, mwanamume mzima sasa, ambaye huwageuzia watu sikio la kulia wanapomsemesha. Binamu aliyeiandika alikuwa amemweka Obonyo kati ya waliotangulia, kama ambavyo mtu yeyote mwenye kuhesabu miaka angefanya. Nilikuwa nimeiona karatasi. Ndugu yangu alifika kwenye watoto wa marehemu. Alisema, "Walio hai: Ochieng', Adongo, na Obonyo." Mzee mmoja alikohoa. Binamu aliinua kichwa. Baba na waya walikuwa wameketi bega kwa bega, na hakuna aliyemrekebisha. Ndugu yangu aliwatazama watu mpaka wakatulia, kisha akaendelea kusoma, polepole, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuulizwa swali lile na kulijibu.